Damu Safi Mno

Daktari Kubištová hakutaka kufungua kabati la joto la maabara yake. Alisema vilivyomo ndani vimezoea utulivu na havina haraka ya polisi. Inspekta Kopřivová akamjibu kwamba haraka anayo yeye. Kesho saa nne asubuhi Hudec, jangili wa kijijini, angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kumpiga risasi na kumuua Daktari Oldřich Šebesta, mwenzake Kubištová wa maabara. Akishahukumiwa, angerudi nyumbani akiwa mzee wa mkongojo.

Kesi yenyewe ilikuwa imeshonwa vizuri. Hudec alikamatwa na bunduki isiyo na kibali, mtutu ukinuka baruti. Watu wawili walimwona alfajiri ile akitoka mbio upande wa bonde la Březina, alikouawa daktari. Risasi ilikuwa imepita mwilini na haikuonekana tena, kwa hiyo haikuweza kumtaja wala kumtetea mtu. Ofisini kila mmoja aliisifu kesi hiyo. Inspekta peke yake aliiona kama suti ya kuazima: inamtosha mtu, lakini hakukatiwa yeye.

Alfajiri ile bunduki nyingine moja tu ilikuwa msituni, ya bwana misitu Zbyněk Koukal. Lakini Koukal alikuwa na ushahidi ambao haukuwahi kutokea katika kituo cha polisi. Alisema alikuwa juu ya kilima cha Kozí Hřbet, mbali sana na bonde, akiwinda dume la kulungu. Alimpiga, akamkinga damu kwenye kichupa kama maabara ilivyowaomba wawindaji wote, akampiga picha kwa simu, kisha akakileta kichupa na ile picha maabara mwenyewe asubuhi hiyo hiyo. Saa ya picha ilikuwa saa ya mauaji. Na ile damu ilikuwa bado hai, humu ndani ya kabati.

“Wewe umepata nini kwa kifo cha Šebesta?” Inspekta aliuliza, bila kubadilisha sauti.

Daktari Kubištová alivua miwani akaifuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye koti jeupe lililokwisha viwiko. Alieleza kwamba kazi waliyoianza wawili sasa ingetoka kwa jina lake kwanza, kama hilo ndilo analoulizwa. Kisha akaongeza: “Ningetaka kumuua Oldřich, Bi Inspekta, ningemuua mwaka ule wa kwanza, alipokuwa anakula samaki wa siki juu ya meza hii. Nilivumilia samaki. Kuna kipi kingine kingenishinda?”

Inspekta hakucheka, lakini alivuta kiti. Aliomba aelezwe kilichomo kabatini kama anavyoelezwa mtu asiyejua lolote.

Maelezo yalikuwa mafupi. Kuna bakteria wanaoishi katika damu ya kulungu, na kupe ndiye anayewahamisha. Hawaoti kwenye sahani ya maabara kama wenzao. Wanataka kukaa ndani ya seli ya kiumbe kingine, kama mpangaji asiyeweza kujijengea. Kwa hiyo hapa wanalea seli za kupe ndani ya chupa bapa zilizofungwa, wanazibadilishia maji ya chakula kila wiki, kisha wanazimwagia damu ya kulungu na kungoja wiki kadhaa. Mara nyingi wanachongojea hakiji. Chupa inaoza.

“Kwa nini inaoza?”

“Kwa sababu ya wawindaji. Mtu amempasua mnyama, anachota damu kifuani kwa mikono iliyotoka tumboni. Humo kuna manyoya, kuna majani, kuna kila uchafu. Na mimi siwezi kutia dawa ya kuua huo uchafu, maana dawa hiyo hiyo inaweza kumuua mgeni ninayemtafuta.”

“Na chupa ya Koukal?”

Kwa mara ya kwanza uso wa daktari ulilegea. Alifungua kabati, akatoa chupa moja na kuinyanyua kwenye mwanga. Maji yake yalikuwa maangavu. Alisema kichupa cha Koukal kilifika kimejaa hadi shingoni, bila unywele, bila bonge la damu. Katika vyote walivyoletewa tangu majira yaanze, hicho tu ndicho kilichotoa kitu. Akaweka chini ya hadubini kipande cha kioo chenye seli zilizotiwa rangi na kumpisha Inspekta.

Inspekta aliona miduara iliyofifia, na ndani ya baadhi yake vishada vidogo vya zambarau, vimebanana kama tunda la forosadi.

“Siku ilipoota nilimgeukia Oldřich nimwonyeshe,” Daktari Kubištová alisema. “Kiti kilikuwa kitupu.” Halafu akainama kurekebisha mwanga wa hadubini, ingawa haukuwa na kasoro.

Inspekta alingoja amalize. Kisha akamwuliza swali alilojia: mtu angewezaje kupata damu safi namna ile?

“Kwa sindano. Kwenye mshipa wa shingo.”

“Wa mnyama aliyekwisha kufa?”

Daktari aliitazama chupa tena. Alisema moyo ukishasimama hakuna kinachosukuma damu. Mtu huchota, hapokei. Na damu ya mzoga huanza kuganda mwindaji akiwa bado anatafuta kisu chake. Aliyasema haya polepole, kama anayesoma maandishi yaliyokuwa ukutani siku zote.

“Unasema chupa yangu ni ya uongo?” aliuliza.

“Chupa ni ya kweli. Ninayemshuku ni kulungu.”

Inspekta aliomba nakala ya picha ya kulungu. Wakati inachapwa alikumbuka jambo jingine, akauliza Daktari Šebesta alifuata nini bondeni alfajiri. Kubištová alishangaa kwamba hawakujua. Alifuata kupe. Kabla jua halijakolea mtu huburuta kitambaa cheupe cha flana juu ya nyasi, nao kupe wanaparamia wakidhani mnyama anapita.

“Hakukuwa na kitambaa pale,” Inspekta alisema.

“Basi mtu amekichukua. Oldřich kwenda Březina bila flana ni sawa na mvuvi kwenda ziwani bila wavu.”

* * *

Kituoni, Sajenti Bureš alikuwa anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu. Bureš mwenyewe alikuwa mwindaji, na kofia yake ya Jumapili ilikuwa na manyoya ya nguruwe mwitu kama fagio. Inspekta hakumweleza lolote. Alimwekea picha ya kulungu mbele ya mkate, akamwuliza anaona nini.

Bureš alisema anaona dume zuri la kutosha. Akaendelea kutafuna. Kisha taya zikasimama.

“Nani kampiga huyu?”

“Koukal.”

“Acha utani, mkuu.”

Alifuta vidole akaishika picha kwa pembe. Dume lilikuwa limelala ubavu wa kushoto, shingo imepinda, kinywa kimefumba. Bureš alisema mnyama aliyewindwa kwa heshima hulazwa ubavu wa kulia, moyo ukiwa juu, na mwindaji humtia kinywani kitawi, tonge lake la mwisho. Kitawi kingine hufunika jeraha. Na hakivunjwi mti wowote tu. Kiwe msonobari, au mwaloni, au mwingine katika ile michache iliyokubaliwa na wazee. Koukal ndiye aliyewafundisha vijana wa wilaya nzima. Bureš alipokuwa na miaka kumi na saba alimlaza kulungu vibaya, na Koukal akamfanya amwombe radhi mnyama mbele ya watu wote, kofia mkononi.

“Labda alikuwa na haraka,” Inspekta alisema.

“Koukal angechelewa mazishi ya mama yake, lakini kitawi angeweka.” Bureš aliikodolea macho tena. “Halafu damu iko wapi? Tundu la risasi liko wapi?”

Inspekta alitoa picha ya pili na kuilaza pembeni ya ile ya kwanza. Ilikuwa ya Daktari Šebesta, kama alivyokutwa bondeni. Ripoti yao ilisema ameanguka. Lakini daktari hakuwa ameanguka vile. Alikuwa amelala ubavu wa kulia, miguu imenyooshwa, mikono imekusanywa. Chini ya ukosi wa koti lake, juu ya moyo, kilionekana kitawi cha msonobari.

“Kile nilikitoa mimi,” Bureš alisema kwa sauti ndogo. “Nilidhani kimedondoka kutoka juu.”

“Kutoka wapi? Březina kuna miti gani?”

Bureš aliangalia dirishani. Bonde lote lile ni miti ya gome jeupe, na kila mtoto wa wilaya anajua. Msonobari wa karibu uko ng’ambo ya kijito, kwenye mteremko wa nyumba ya bwana misitu. Mtu alikuwa amevuka maji kwenda kuvunja kitawi kinachostahili, akavuka tena kurudi.

“Hudec angefanya hivyo?”

“Hudec?” Bureš alisukuma mkate mbali. “Hudec akiua sungura anakimbia kabla sungura hajalala chini.”

Zile picha mbili zilibaki mezani. Aliyelazwa kama windo alikuwa daktari. Kulungu alikuwa amelala kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

* * *

Nyumba ya bwana misitu ilikuwa na harufu ya uyoga. Mama Božena, mke wa Koukal, alikuwa ameuanika kila mahali, juu ya magazeti, juu ya kabati, hata kwenye kiti alichotaka kukaa Bureš. Aliwakatia keki ya mbegu za mpopi na kuwamiminia kahawa yenye machicha. Koukal aliingia akitokea uani, mrefu, ameinama kidogo, sare yake ya kijani imepigwa pasi. Aliwasalimu kwa kushikana mikono. Alimwita Bureš “kijana”, ingawa Bureš alikwisha kuwa na upara.

Inspekta alimwomba arudie habari za alfajiri ile. Koukal alirudia vizuri, bila kuongeza wala kupunguza, na hilo halikumpendeza Inspekta. Mtu anayekumbuka kitu husahau baadhi yake. Alimwuliza nyama ilikwenda wapi. Koukal alisema waliila. Pembe je? Alisema kichwa kizima amekiweka kwenye kichuguu cha sisimizi, wakisafishe hadi mfupa, kama wanavyofanya wawindaji wengi.

“Twende tukakione,” Inspekta alisema.

Koukal alisema kichuguu kiko mbali, na njia ni ya matope. Inspekta alisema amevaa buti. Koukal akasema jioni inaingia. Inspekta alimnyooshea ile picha ya kulungu, akamwuliza kama ndiye huyu. Mzee aliipokea akaipeleka mbali, mkono wote ukiwa umenyooka, akakunja uso, kisha akairudisha haraka mezani kana kwamba ameiona.

Hapo ndipo mlio uliposikika nyuma ya nyumba, mkavu, kama wa mbwa aliyekwaruzwa koo. Mama Božena alianza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza kuzilia.

“Mna mbwa?” Bureš aliuliza, ingawa alikwisha simama.

Nyuma ya banda la kuni kulikuwa na uzio wa mbao, na ndani yake dume la kulungu. Lilikuja moja kwa moja kwenye mkono wa Bureš kutafuta kitu. Mama Božena, aliyewafuata na aproni yake, alisema kwa haraka kwamba walimwokota akiwa mchanga, mashine ya kukata nyasi ilikuwa imemuua mama yake, wakamnywesha kwa chupa. Jina lake Matýsek. Aliwaonya wasimgeuzie mgongo, kwa kuwa kulungu aliyelelewa na watu hana woga nao, na dume kama huyo amewahi kumtoboa postamasta paja.

Bureš alilinganisha pembe na picha. Tawi la kushoto lilikuwa limekatika ncha katika zote mbili. Kisha akapitisha vidole shingoni mwa mnyama na kumwita Inspekta. Katikati ya manyoya marefu kulikuwa na kijisehemu kilichokuwa kimenyolewa. Manyoya yake yalikuwa yanaota upya, mafupi, yakichoma vidole kama ndevu za siku chache.

Walirudi jikoni. Koukal hakuwa ameondoka kitini. Alisema bila kuulizwa kwamba mnyama alijikata kwenye waya, wakamnyoa kumtibu. Inspekta alisema hilo linawezekana. Kuna njia ya kujua, aliendelea. Daktari Kubištová angekuja na sindano, angeilinganisha damu hii na ile ya kwanza, angeiotesha tena ndani ya chupa. Ingechukua wiki. Hudec angengoja rumande, na kabla ya wiki hizo kwisha angekuwa amekwisha hukumiwa.

Koukal alitazama mikono yake.

“Mzee Koukal, sikuulizi tena habari za kulungu. Nakuuliza kitambaa cheupe kiko wapi.”

Aliyejibu ni mkewe, na hakujibu kwa maneno. Aliingia chumbani, sanduku likasikika likifunguliwa, akarudi na flana nyeupe mikononi. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe. Pahali palipotobolewa na risasi palikuwa pametiwa kiraka kwa uzi mweupe.

“Aliniambia nikichome,” Mama Božena alisema. “Sikuweza. Ni kitu cha mtu.”

Koukal alianza kusema baada ya hapo, na alisema akiielekea ile flana. Ukungu ulikuwa mzito. Alikuwa amesimama chini tu ya nyumba yake. Aliona weupe chini chini kwenye nyasi, unakwenda, unasimama, unakwenda. Kila kulungu wa kwao ana weupe nyuma, na ukungu ukiwa mzito huo ndio unaouona kwanza. Maisha yake yote aliwaambia vijana wasifyatue kabla ya kumwona mnyama kuanzia pua hadi kwato. Majira ya kuchipua daktari wa macho alimwambia arudishe bunduki, naye alisema atairudisha majani yakipukutika. Alitaka mwaka mmoja tu zaidi.

Alipofika pale, daktari alikuwa amekwisha kufa. Alimlaza vizuri, akaichukua flana. Kisha alikimbia nyumbani, na kilichofuata, alisema, alikiwaza mtu mwingine aliyekuwa ndani ya mwili wake. Sindano ya usingizi ilikuwepo, waliachiwa na daktari wa mifugo. Kichupa cha maabara kilikuwepo. Mama Božena alishika kichwa cha Matýsek.

Bureš, ambaye hakupaswa kusema, alisema. “Mzee, kitawi kimoja tu kinywani kwenye picha. Kimoja. Tungekuamini wote.”

Koukal alimtazama kama alivyomtazama zamani, kijana aliyekosea mbele ya watu.

“Alikuwa anapumua, kijana. Tonge la mwisho hapewi anayepumua.”

Inspekta aliuliza jambo moja lililobaki: mwezi mzima Hudec amefungwa, na yeye alikuwa hapa, anaamka, anakunywa kahawa. Aliweza vipi?

Mzee alisema hakumtaja Hudec kwa mtu yeyote. Waliomkamata ni polisi wenyewe. Mwanzoni alijiambia kwamba Hudec atatoka tu, maana Hudec hutoka siku zote. Baadaye alijiambia kwamba Hudec amekwisha iba wanyama wasiohesabika bila kukamatwa, kwa hiyo kitu fulani anadaiwa na msitu.

“Uliamini hivyo?”

“Usiku hapana,” Koukal alisema.

Aliinuka, akaenda ukutani, akaiteremsha bunduki, akaifungua kuonyesha kwamba ni tupu na kumkabidhi Bureš. Alibadilisha koti la sare, akavaa la nyumbani la kahawia. Mama Božena alimfungia keki kwenye karatasi. Inspekta alimwambia mama atafute mtu wa kukaa naye usiku huo, na kwamba kesho naye ataitwa. Hakumficha hilo.

* * *

Kabla ya saa nne Inspekta alikuwa amekwisha zungumza na mwendesha mashtaka, ambaye aliipenda kesi yake iliyoshonwa vizuri na hakufurahi kuambiwa aifumue. Alisoma maelezo ya Koukal mara mbili, akatafuta mahali pa kushikia, akakosa. Mwishowe alisema wamlete mzee.

Ukumbi wa mahakama ulinuka nta ya sakafu. Hudec alikuwa ameketi kwenye benchi, pingu mkononi, askari wawili pembeni, amevaa tai aliyoazimwa na wakili. Mwezi wa rumande ulikuwa umemkondesha shingo. Alipoona mlango unafunguka na Koukal anaingia, aliduwaa. Alikwisha letwa mbele ya hakimu mara nyingi maishani mwake, na kila mara shahidi wa kwanza kuingia alikuwa mzee huyu, na kila mara mzee huyu alisema kweli.

Hudec alisimama. Pingu zilimvuta askari mmoja naye akasimama.

“Mzee Koukal,” alisema. “Wale kulungu wa nyuma, sawa, sibishi. Lakini safari hii si mimi. Haki ya Mungu si mimi.”

Koukal alivua kofia. Alisogea hadi walipokuwa uso kwa uso, karibu kiasi cha kumwona vizuri.

“Najua,” alisema.